Maghala ya Wainka

Nimefanya kazi ya ghala la mazao sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi: mahindi, maharage, mpunga, msimu mwingine ufuta. Mtu wa ghala ana macho yake. Akiingia kwenye jengo anatazama paa kwanza, halafu sakafu, halafu anauliza hewa inapita wapi. Akisikia mavuno ya mwaka ni makubwa, anataka kujua yatalala wapi na nani atayahesabu. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Wainka wa milima ya Andes, dhahabu yao haikunishika sana, na hata Machu Picchu, mji wao maarufu wa mawe, niliipita haraka. Nilikwama kwenye maghala. Yalikuwa maelfu kwa maelfu, yamejengwa kwa safu kwenye miteremko, yamejaa chakula na nguo, na kila kilichowekwa ndani kilikuwa na hesabu yake.

Habari za Wainka zinazotufikia kwa Kiswahili ni chache, na nyingi zinaanzia siku Wahispania walipowasili. Watu wakisimuliwa kuanzia siku waliyoshindwa, wanadhulumiwa mara ya pili. Sisi wa upande huu wa dunia tunalijua hilo vizuri. Ndiyo sababu nataka kuanza na kazi yao, halafu kushindwa kwao kutakuja kwa wakati wake.

Tuanze na nchi, maana bila nchi maghala hayaeleweki. Andes ni ukuta wa milima unaofuata ubavu wote wa magharibi wa Amerika ya Kusini. Chini, kando ya Bahari ya Pasifiki, ni jangwa. Zipo sehemu zinazopitisha miaka bila mvua ya maana, na watu wanaishi kwenye mabonde ya mito inayoshuka kutoka juu. Ukipanda unakuta mabonde ya mahindi. Ukizidi kupanda unakuta miteremko ya viazi na kinoa, punje ndogo zinazoliwa kama nafaka, na ukipita mita 4,000 hakuna kilimo cha maana tena, ni nyasi ngumu za lama na alpaka, wanyama wa kufugwa wa jamii ya ngamia. Upande wa pili milima inateremka kwenye msitu wa Amazon. Kwa mwendo wa siku chache mtu anatoka kwenye baridi ya viazi hadi kwenye joto la pilipili na pamba. Ni nchi tajiri, lakini haiaminiki. Sakitu ya usiku mmoja inaua shamba zima. Ukame unakuja bila kubisha hodi. Kuna miaka ambayo bahari inapata joto na pwani kavu inapigwa na mvua inayobomoa mifereji. Anayeishi hapo asipoweka akiba, hamalizi miaka mingi.

Wainka wenyewe walikuwa watu wadogo tu wa bonde la Cusco, mji ulio kwenye kimo cha mita 3,400 hivi. Kwa hesabu inayotumiwa na wengi, mwaka 1438 majirani zao Wachanka waliuvamia mji. Mfalme Viracocha akaondoka. Mwanawe akabaki, akapigana, akashinda, akatwaa kiti na kujiita Pachacuti. Yeye, mwanawe Topa Inca Yupanqui na mjukuu wake Huayna Capac walitanua dola hadi ikaanzia kusini mwa Colombia ya leo na kuishia kwenye Mto Maule katikati ya Chile, zaidi ya kilomita 4,000. Waliiita Tawantinsuyu, nchi ya pande nne. Watu waliotawaliwa wanakadiriwa kuwa milioni 10 au zaidi, na jengo hilo lote lilisimama kwa muda usiofika miaka 100.

Hawakuanza na mikono mitupu, na ni haki kusema hivyo. Wawari walikuwa wamejenga barabara na kufunga hesabu kwenye kamba karne kadhaa kabla yao. Watiwanaku walikuwa wamelima kandokando ya Ziwa Titicaca. Ufalme wa Chimú, ambao mji wake mkuu Chan Chan ulianguka mikononi mwa Wainka karibu na mwaka 1470, ulikuwa na mafundi wa dhahabu na fedha ambao Wainka waliwahamishia Cusco. Ubingwa wa Wainka ulikuwa katika kuchukua vitu vilivyokuwepo, kuviunganisha na kuvikuza mpaka vikatosha nchi ya ukubwa ule.

Sasa maghala. Huánuco Pampa ni mji wa kiserikali ambao Wainka waliujenga kwenye uwanda wa baridi katikati mwa Peru, juu ya mita 3,600. Kwenye kilima kilicho kusini mwa mji kuna mabaki ya maghala karibu 500, safu juu ya safu. Mwanaakiolojia Craig Morris, aliyeyachimba, aliona kuwa yapo ya namna mbili. Ya duara yalihifadhi mahindi yaliyopukuchuliwa na kutiwa ndani ya mitungi mikubwa. Ya pembe nne yalihifadhi viazi, vimefungwa kwa nyasi na kamba, vikipangwa tabaka kwa tabaka. Ujazo wa jumla ulipita mita za ujazo 35,000. Kwa mtu aliyewahi kupanga magunia hadi kwenye kenchi, hiyo si namba ya kupita bila kupumua.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi walivyochagua mahali. Maghala yao hayakai bondeni, ambako ardhi ni ya kulima na unyevu ni mwingi. Yanakaa kwenye mteremko, juu, ambako upepo unapita na usiku kuna baridi kali. Sakafu za baadhi yake zilitandikwa mawe na chini yake kukawekwa njia za hewa na maji. Kuta ziliachiwa matundu, paa likaezekwa nyasi nene. Kila mwenye ghala anajua maadui wake ni unyevu, joto, panya na wadudu. Huku kwetu tunapambana na dumuzi, mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na aliyegundulika kwanza Tanzania maeneo ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliopoteza mahindi wakati ule hawajasahau. Wadudu wa nafaka wanastawi kwenye joto. Wainka walipandisha chakula chao hadi kwenye baridi, na baridi ikawafanyia kazi ambayo sisi tunaifanya kwa dawa.

Na baridi hiyo ndiyo iliyowapa chunyo. Majira ya kiangazi cha milimani, Juni na Julai, anga ikiwa wazi na usiku ukigandisha, wakulima wanatandaza viazi vidogo kwenye nyasi. Usiku vinaganda, mchana jua linaviyeyusha. Baada ya siku kadhaa vinalegea, watu wanavikanyaga kwa miguu kukamua maji na kutoa maganda, kisha vinaachwa vikauke kabisa. Kinachobaki ni kiazi chepesi kama gamba, kinachoweza kukaa miaka bila kuoza. Ipo aina nyeupe ambayo inalowekwa kwanza kwenye kijito kwa wiki kadhaa ili kuondoa uchungu wa viazi vya nyanda za juu. Nyama ya lama nayo ilikaushwa kwa njia inayofanana na hiyo, ikaitwa charki. Kiazi kibichi ni robo tatu na zaidi maji, ni mzigo wa kumchosha mnyama bure. Lama anabeba kilo 25 au 30 tu. Ukishakausha, safari ile ile inasafirisha chakula mara nne. Mbinu hii ni ya zamani kuliko Wainka, lakini wao ndio walioifanya nguzo ya jeshi na serikali.

Kule Cochabamba, Bolivia ya leo, mpango ulikuwa mkubwa zaidi. Huayna Capac alihamisha wenyeji wengi wa bonde lile lenye rutuba na kuleta wafanyakazi 14,000 kutoka makabila mbalimbali walime mahindi ya serikali. Kila kundi lilipewa vipande vyake vya shamba, pamoja na vipande vidogo vya kujilisha lenyewe. Kwenye kilima cha Cotapachi, karibu na hapo, kumehesabiwa misingi ya maghala ya duara ipatayo 2,400. Mahindi hayo yalipanda kwa misafara ya lama hadi Cusco na kwenye majeshi.

Maghala yalijazwaje? Dola hii haikuwa na fedha ya kutumia sokoni, na kodi haikutozwa kwa mali ya mtu. Ilitozwa kwa nguvu zake. Utaratibu wenyewe uliitwa mit'a, kazi ya zamu. Ardhi ya kila jamii iligawanywa sehemu tatu: ya jua, yaani ya dini, ya mfalme, na ya wanajamii wenyewe. Watu walilima zote, lakini mavuno ya sehemu yao yalibaki kwao, na mbegu za mashamba ya serikali zilitoka serikalini. Kaya ilitoa mtu kwa zamu akalime, akajenge barabara, akabebe silaha, akafume nguo. Akiwa kwenye zamu alilishwa na serikali, akapewa vifaa, na jioni kulikuwa na chicha, pombe ya mahindi, na ngoma. Mtawala aliyewaita watu kazini bila kuwapa chakula na kinywaji alikuwa amevunja ada.

Hapo ndipo maghala yanapopata maana yake kamili. Yalilisha walio kwenye zamu, yalilisha jeshi ili lisipore mashamba ya watu njiani, yalivisha askari, na mavuno yakikosekana sehemu fulani yalifunguliwa. Wapo waandishi wa Ulaya wa karne ya 20 walioiita dola hii ya kijamaa. Mimi sikubaliani nao. Kulikuwa na matabaka makali, na mfalme alikuwa mtoto wa jua. Ninachokubali ni kwamba watawala wale walielewa jambo ambalo watawala wengi wenye vitabu na sarafu hawakulielewa: ukichukua nguvu za mtu lazima umlishe, na huwezi kumlisha kwa ahadi.

Hesabu ya yote hayo ilifungwa kwenye kamba, na kamba hizo zinaitwa kipu. Ngoja niieleze polepole, kwa sababu ni kitu cha kushika mkononi. Kuna kamba moja kuu, nene, ya pamba au sufu ya alpaka. Kwenye kamba hiyo zinaning'inia kamba nyingine nyembamba, kumi, mia, wakati mwingine mamia, za rangi mbalimbali. Kila kamba inayoning'inia ina mafundo, na mahali fundo lilipo panaonyesha thamani yake. Karibu na ncha ya chini ni mamoja, juu kidogo makumi, juu zaidi mamia, kisha maelfu. Mamia na makumi yanaandikwa kwa mafundo mepesi yaliyowekwa pamoja. Mamoja yana fundo lake refu ambalo idadi ya mizunguko yake ndiyo namba, 2 hadi 9, na 1 ina fundo la peke yake lenye umbo la tarakimu 8. Mahali pasipo na fundo ni sifuri. Kwa hiyo 352 inasomeka hivi: juu mafundo mepesi matatu, katikati matano, chini fundo refu la mizunguko miwili. Mmarekani Leland Locke ndiye aliyethibitisha utaratibu huu mwaka 1912. Baadhi ya kipu zina kamba ya juu ambayo ni jumla ya zile zinazoning'inia chini yake. Hiyo ni leja kamili, inakunjwa na kubebwa begani.

Mwenye kazi hiyo aliitwa kipukamayuk. Kwa kuwa fundo linashikika kwa vidole, hesabu yake iliweza kusomwa hata gizani, na haikufutika kwa jasho wala mvua.

Pwani ya Peru, kwenye bonde la Cañete, kuna mahali panaitwa Inkawasi, ngome waliyoijenga Wainka wakati wa vita na watu wa Guarco. Kuanzia mwaka 2013 wachimbaji wakiongozwa na Alejandro Chu wamekuta kipu kwenye maghala yake, na kilichonisisimua ni zilivyolazwa: moja ilikuwa pamoja na karanga, nyingine pamoja na pilipili, nyingine na maharage. Sakafu za kupokelea mazao zilichorwa mistari ya miraba, kama kipimo cha kutandazia mzigo. Yeyote aliyewahi kufanya kazi stoo atatambua mara moja. Ile kipu ni bin kadi. Imekaa na mzigo wake, inasema kilichoingia, na kwenye baadhi ya kamba inaonekana kiasi fulani kilichokatwa kutoka kwenye jumla kabla ya kubaki salio. Miaka zaidi ya 500 imepita, mzigo na kadi yake bado viko pamoja. Nilisoma taarifa ile usiku nikairudia asubuhi.

Mfano mwingine ni wa Puruchuco, karibu na Lima. Mwaka 1956 zilipatikana kipu 21 ndani ya nyumba moja. Gary Urton na Carrie Brezine wa Harvard walizichambua kwa kompyuta, na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba saba kati yake zinahusiana kwa ngazi: namba za kipu za ngazi ya chini zikijumlishwa zinatoa namba za kipu ya ngazi ya juu. Mtu wa chini aliwasilisha, wa juu akajumlisha, na mkuu zaidi akapata muhtasari. Raia nao walipangwa kwa kumi: viongozi wa kaya 10, 100, 1,000 na 10,000. Ndivyo serikali ya Cusco ilivyojua, bila karatasi, kuna watu wangapi wa rika gani katika bonde lililo mbali nayo safari ya mwezi mzima.

Barabara zimesemwa sana, nitazipita kwa haraka. Mtandao wa Qhapaq Ñan ulikuwa na urefu wa kilomita 30,000 au zaidi, ukapanda milima kwa ngazi za mawe, maana hakukuwa na gurudumu wala farasi wa kuzingatia. Kila mwendo wa siku palikuwa na tambo, kituo chenye malazi na ghala lake. Wakimbiaji walioitwa chaski walipokezana ujumbe na kipu, na kwa pamoja waliweza kukata kilomita 240 kwa siku. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika barabara hii kuwa urithi wa dunia wa nchi sita kwa pamoja: Argentina, Bolivia, Chile, Colombia, Ecuador na Peru.

Mawe je? Ndiyo, mawe yanastahili sifa. Kuta za Cusco zilichongwa kwa nyundo za mawe magumu, jiwe likasuguliwa hadi likaingia kwenye mwenzake bila saruji. Kwenye ngome ya Sacsayhuamán yako mawe ya uzito unaozidi tani 100. Tetemeko la mwaka 1950 lilipobomoa sehemu ya konventi ya Santo Domingo, kuta za hekalu la jua ambazo Wahispania walijengea juu yake zilibaki zimesimama. Na hata Machu Picchu, ambayo kila mtalii anaipiga picha, fundi wa kweli ataitazama chini: mfereji wa mita 749 unaoleta maji ya chemchemi, visima 16 vya kuteka vinavyopokezana maji kwa kushuka, matundu zaidi ya 100 ya kutolea maji kwenye kuta, na tabaka za kokoto chini ya viwanja. Mji umekaa kwenye mgongo wa mlima unaopigwa na mvua kubwa kila mwaka, na haujaporomoka. Waliojenga walimaliza kwanza habari ya maji.

Sitaki msomaji aondoke akidhani palikuwa peponi. Dola ilijengwa kwa vita. Kaskazini mwa Ecuador kuna ziwa la Yahuarcocha, ambako jeshi la Huayna Capac liliwachinja Wakaranki baada ya upinzani wa miaka mingi. Makabila yaliyoshindwa yalihamishwa kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, wakapelekwa mbali na makaburi ya wazee wao. Wasichana walichukuliwa majumbani kwao wakawekwa kwenye nyumba za wateule, wafume nguo za mfalme na kupika chicha. Na mwaka 1999, juu ya mlima Llullaillaco kwenye mpaka wa Argentina na Chile, kwenye kimo cha mita zaidi ya 6,700, walipatikana watoto watatu waliotolewa kafara, wamegandishwa na baridi, nguo zao bado nzuri. Ukisoma habari za watoto wale, sifa zote za maghala zinapungua uzito. Nami nimeziacha zipungue.

Chuki iliyotokana na mambo hayo ndiyo iliyomsaidia Pizarro, kiongozi wa Wahispania waliowavamia, kuliko bunduki zake. Karibu na mwaka 1527 Huayna Capac alikufa, yaelekea kwa ndui iliyokuja na Wazungu na kusambaa kabla wao hawajafika. Wanawe Huáscar na Atahualpa wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 16 Novemba 1532, mjini Cajamarca, Wahispania 168 walimkamata Atahualpa katikati ya watu wake waliokuja bila silaha za vita. Aliahidi kujaza chumba dhahabu mara moja na fedha mara mbili, akatimiza. Tani zaidi ya 6 za dhahabu zikayeyushwa. Julai 1533 wakamnyonga hata hivyo. Wahispania walioshuhudia waliandika pia juu ya nyumba za pale Cajamarca zilizojaa nguo hadi darini. Walichukua walivyotaka, na lundo halikuonekana kupungua.

Miongoni mwa waliojiunga na Pizarro walikuwa Wawanka wa bonde la Jauja. Waliwachukia Wainka, na Wahispania walipopita mwaka 1533 waliwafungulia maghala. Wakaendelea kuwapa chakula, nguo na wapagazi, msafara baada ya msafara, mwaka baada ya mwaka. Wakati huo wote makarani wao wa kamba waliendelea kufunga mafundo kama walivyofundishwa chini ya mfalme ambaye hakuwepo tena. Walitenganisha vitu vilivyotolewa kwa hiari na vitu vilivyoporwa.

Mwaka 1561 wakuu wa Jauja walisimama mbele ya mahakama ya Kihispania mjini Lima wakiwa na kipu zao na kuwasilisha madai. Wakazisoma: lama, nguo, mahindi, kinoa, viazi, makubazi, vyungu, kuni, mkaa, nyasi, samaki, nani alipita, mwaka gani, kiasi gani kilitolewa, kiasi gani kilinyakuliwa. Ni hesabu ya zaidi ya miaka 20. Karani wa mahakama aliandika kwa wino kile kilichosomwa kwenye kamba, na kwa sababu hiyo tunayo leo. John Murra, mwanaanthropolojia aliyeichambua orodha ile, aligundua kwamba vitu vimepangwa kwa utaratibu ule ule kila mara, lama na nguo zikitangulia vyakula. Hiyo ni nidhamu ya ofisi. Mimi nimewahi kukaguliwa na wakaguzi, na najua ilivyo kazi kutetea vitabu vya mwaka mmoja tu.

Watu hawa walikuwa maadui wa Wainka. Hawakuwa na sababu ya kuitukuza Cusco. Lakini walipotaka haki yao walitegemea hesabu ambayo dola ile iliwafundisha, na mahakama ya washindi ililazimika kuisikiliza.

Haikudumu. Mwaka 1583 Mtaguso wa Lima, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamuru kipu zichomwe kwa madai kwamba zinabeba ibada za sanamu. Leo zimebaki 1,000 hivi duniani, nyingi kwenye makumbusho, kundi kubwa kabisa likiwa Berlin.

Mit'a nayo ilibaki kwa jina. Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme wa Uhispania, yule yule aliyemkata kichwa Túpac Amaru, Inka wa mwisho wa Vilcabamba, kimbilio la mwisho la Wainka, mwaka 1572, aliichukua kazi ya zamu akaielekeza kwenye mgodi wa fedha wa Potosí. Kila mwaka wanaume zaidi ya 13,000 walilazimishwa kwenda huko kutoka mikoa ya nyanda za juu, wengine kwa mwendo wa miezi, wakiongozana na wake na watoto na lama wao. Ujira waliopewa haukutosha chakula, kwa hiyo walijilisha kwa akiba ya nyumbani. Hakuna aliyewafungulia ghala. Vijiji vikabaki tupu kwa sababu watu walikimbia ili majina yao yasiitwe. Utaratibu huo ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Wazungumzaji wa Kikechua bado wapo kwa mamilioni, Peru, Bolivia na Ecuador. Chunyo bado inatandazwa kwenye nyasi kila Juni. Na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kinahifadhi maelfu ya aina za viazi ambavyo wakulima wa Andes walivizalisha. Kina ofisi Nairobi pia, na kazi yake ya viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ni miongoni mwa zilizompatia Mganda Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016.

Nina ombi moja kwa yeyote atakayejaliwa kufika huko. Safari za Machu Picchu kwa kawaida hupitia mji wa Ollantaytambo, na wageni wengi wanakimbilia hekalu la upande mmoja wa mji. Wewe geukia mlima wa upande wa pili, Pinkuylluna. Kijia kinapanda kutoka katikati ya nyumba za watu, na huhitaji tiketi. Juu, kwenye ukingo unaopigwa na upepo, utakuta majengo marefu ya mawe yenye madirisha pande zote mbili. Ni maghala. Ingia, usimame kati ya dirisha na dirisha, usikie hewa inavyopita, halafu tazama chini uone walivyopaweka juu ya mashamba na mbali na mto. Ukirudi niandikie upana wa yale madirisha na yameangalia upande gani, maana hilo nalihitaji kwa kazi yangu.